Armand Bombardier, fundi wa Valcourt aliyetafuta njia juu ya theluji

Jina la Bombardier si geni kwa masikio ya Afrika Mashariki. Ndege za Q400 ambazo Air Tanzania ilizipokea mwaka 2016 zilitoka katika kampuni yenye jina hilo, na zile za CRJ900 ambazo Uganda Airlines ilirudi nazo angani mwaka 2019 zilitoka huko huko. Hata hivyo, mwenye jina hakuunda ndege hata moja maishani mwake. Joseph-Armand Bombardier alifariki mwaka 1964, miaka 22 kabla kampuni yake haijanunua kiwanda chake cha kwanza cha ndege. Yeye alikuwa fundi wa gereji katika kijiji cha Valcourt, jimboni Quebec nchini Kanada, na swali lililomshughulisha tangu ujana hadi kaburini lilikuwa moja: mtu anayeishi shambani, theluji ikiwa imemfika kiunoni, atumie chombo gani kufanya kazi zake na kufika anakokwenda?

Swali hilo leo linawahusu pia wasemaji wengi wa Kiswahili. Familia zilizotoka Kongo, Burundi na kwingineko na kuweka makazi Portland, Lewiston au Burlington zinaishi umbali wa saa chache tu kwa gari kutoka Valcourt, na majira ya baridi ya pande zote mbili za mpaka ni yale yale. Aliyelijua koleo kwa kuzolea mchanga amejifunza kulitumia kwa theluji. Aliyebahatika kupata nyumba yenye kiwanja na njia ndefu ya kutokea barabarani hujikuta kila Novemba akilinganisha vyombo: pikapu yenye bamba la kusukumia theluji, trekta dogo, au pikipiki ya magurudumu manne. Maisha ya Bombardier yanaonyesha kwamba ndani ya uchaguzi huo kuna mgawanyiko mmoja mkubwa. Vipo vyombo vya kuiondoa theluji na vipo vyombo vya kupita juu yake, na sifa inayokifanya kimoja kiwe bora ndiyo inayokiharibu kingine.

Kijana aliyeondolewa seminarini na injini

Bombardier alizaliwa tarehe 16 Aprili 1907, mtoto wa kwanza katika familia ya watoto wanane. Baba yake, Alfred, alikuwa mkulima ambaye baadaye alifungua duka kijijini. Quebec ya wakati huo ilikuwa nchi ya Wakatoliki wanaozungumza Kifaransa, na familia yenye watoto wengi ilitarajiwa kumtoa walau mmoja kwa Kanisa. Armand ndiye aliyechaguliwa, na akiwa na umri wa miaka 14 alipelekwa katika seminari ya Mtakatifu Charles Borromeo mjini Sherbrooke.

Mawazo yake hayakuwa huko. Tangu utoto alikuwa akifungua saa mbovu na kutumia mitambo yake kuendeshea vitu vya kuchezea alivyovichonga mwenyewe. Baba yake, pengine kwa kutaka kuokoa vyombo vya nyumbani visifunguliwe vyote, alimpa gari bovu la Ford alichezee. Kijana alilichukua kwa uzito kuliko ilivyokusudiwa. Tarehe 31 Desemba 1922, akiwa na miaka 15 na yupo likizoni, alitokea barabarani Valcourt juu ya kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona: sleji mbili zilizounganishwa, injini ya lile Ford juu yake, na nyuma propela ya mbao ikizunguka wazi bila kizuizi chochote. Mdogo wake Léopold alikuwa mbele akiongoza. Chombo kilikwenda, na watu wakakimbia kukipisha.

Alfred alipoiona ile propela ikikata hewa jirani na watoto, aliamuru mashine ivunjwe siku hiyo hiyo. Alikuwa na haki. Lakini jambo lilikuwa limekwisha kuthibitika: injini inaweza kumpeleka mtu juu ya theluji bila farasi. Miaka miwili baadaye baba alikubali kushindwa. Mwanawe aliacha seminari akiwa na miaka 17 na kwenda kujifunza ufundi katika gereji, kwanza South Stukely karibu na nyumbani, kisha Montréal, huku akisoma ufundi wa magari na umeme kwa njia ya posta. Mwaka 1926, akiwa na miaka 19, alirudi Valcourt na kufungua gereji yake mwenyewe.

Gereji hiyo ilimpa riziki nzuri, ila kwa nusu ya mwaka tu. Ili kulielewa hilo inafaa kukumbuka jinsi majira ya baridi yalivyokuwa vijijini Quebec wakati huo. Hakuna aliyezoa theluji kwenye barabara za mashambani. Theluji ya kwanza nzito ilipoanguka, wenye magari waliyaingiza ghalani, wakayapandisha juu ya magogo ili matairi yapumzike, na kurudi kwenye farasi na sleji hadi majira ya kuchipua. Theluji ya barabarani haikuondolewa. Ilishindiliwa tu ikawa ngumu kwa kupitiwa na sleji. Daktari alikwenda kwa farasi, padri kwa farasi, barua kwa farasi, na maiti vilevile. Fundi wa magari alikosa wateja kwa miezi kadhaa mfululizo, na ndiyo miezi ambayo Bombardier aliitumia kwa majaribio. Kila mwaka alijenga kitu, akakitoa nje, kikakwama au kikavunjika, akakirudisha ndani.

Ugumu wenyewe unaeleweka kwa yeyote aliyekwama kwenye matope ya masika. Gari linabeba uzito wake wote juu ya sehemu nne ndogo za tairi, kila moja isiyozidi sana kiganja cha mkono, na theluji laini haiwezi kuubeba uzito uliobanwa namna hiyo. Dawa ni kuutandaza: mbele kuwekwe ski badala ya magurudumu, nyuma kuwekwe mkanda mpana unaozunguka kama wa tingatinga. Wazo la mkanda halikuwa la Bombardier. Mfaransa Adolphe Kégresse alikuwa ameutengeneza wa mpira kwa ajili ya magari ya mfalme wa Urusi, na magari ya Citroën yenye mikanda yake yalivuka Afrika mwaka 1924 na 1925, yakapitia Kongo hadi Kampala, ambako msafara uligawanyika na baadhi ya magari kushuka hadi Mombasa na Dar es Salaam. Mchanga na matope ya Afrika ni kitu kimoja, lakini theluji ina ujanja wake. Inashikamana, inaingia kati ya meno ya gurudumu linalouzungusha mkanda, inaganda ikawa barafu, na mkanda unaruka au unakatika. Hapo ndipo Bombardier alipokwama kwa muda mrefu.

Kulikuwa na kikwazo kingine pia. Alichokitaka tangu mwanzo kilikuwa chombo kidogo cha mtu mmoja au wawili. Injini za wakati huo zilikuwa nzito mno kwa chombo cha aina hiyo; kilizama kabla hakijaondoka. Kwa hiyo aliliweka wazo hilo kando, akageukia gari kubwa la abiria wengi ambalo lingeweza kubeba injini ya kawaida ya gari. Ndoto ile ya kwanza ilisubiri miaka thelathini.

Januari 1934

Mwaka 1929 Bombardier alimwoa Yvonne Labrecque, na mwana wao Yvon alikuwa na miaka miwili majira ya baridi ya mwaka 1934 yalipoingia. Januari mtoto aliugua tumbo. Kilikuwa kidole tumbo, na usaha ukasambaa tumboni. Ugonjwa ambao hata wakati huo mpasuaji aliweza kuutibu akiuwahi. Hospitali ilikuwa Sherbrooke, takriban kilomita 50. Barabara ilikuwa imefungwa na theluji. Ndani ya gereji, hatua chache kutoka kitandani kwa mtoto, palikuwa na mashine ya majaribio ambayo haikuwa katika hali ya kutembea. Yvon alifariki nyumbani.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi mno, na kwa kawaida husimuliwa kana kwamba msiba ndio uliozaa uvumbuzi. Haikuwa hivyo. Bombardier alikuwa amekwisha kuhangaika na jambo hilo kwa zaidi ya miaka kumi. Kilicho kizito zaidi ni kwamba alikuwa mtu pekee kijijini aliyekuwa karibu kupata ufumbuzi, na ufumbuzi ulikuwa haujakamilika siku alipouhitaji mwenyewe. Alirudi kazini baada ya maziko.

Mwaka uliofuata alipata alichokitafuta. Alilifunika kwa mpira gurudumu lenye meno, hivyo theluji ikakosa chuma cha kushikamana nacho, na mkanda akautengeneza kwa mpira uliotiwa nyuzi za pamba, ukiunganishwa kwa vyuma vyembamba vilivyokingama. Mpira ulijipinda na kuikung’uta theluji kabla haijaganda. Ni kitu kidogo, cha ukubwa wa gurudumu la mkokoteni, lakini kampuni yote iliyokuja baadaye imesimama juu yake. Serikali ya Kanada ilimpa hataza mwezi Juni 1937.

Gari lililotokana na ugunduzi huo liliitwa B7, B ikiwa Bombardier na 7 ikiwa idadi ya abiria. Lilikuwa na bodi ya plaiwudi, ski mbele na mikanda nyuma. Orodha ya wanunuzi wa kwanza inatosha kueleza lilikuwa la nini: madaktari, mapadri, wabeba barua, wenye hoteli, wazika maiti. Hao walikuwa watu wasioweza kumwambia mwenzao asubiri theluji iyeyuke. Ndugu zake Bombardier waliingia kazini pamoja naye, gereji ikapanuka ikawa kiwanda, na mwanzoni mwa 1941 kiwanda kipya chenye uwezo wa kutoa magari 200 kwa mwaka kilifunguliwa Valcourt.

Gari lililofuata, B12, ndilo lililobaki katika kumbukumbu za watu. Lilikuwa na umbo la duara kama mgongo wa kobe, na madirisha ya mviringo kama ya meli. Liliingiza abiria 12 waliokaa wakitazamana, na lingeweza kubeba mgonjwa, barua au mzigo kwa kubadilishwa viti tu. Baadaye lilitolewa pia gari kubwa zaidi kwa ajili ya watoto wa shule. Vijiji ambavyo shule zake zilikuwa na mahudhurio hafifu kila Januari vilianza kuwaona wanafunzi wakifika.

Vita vya Pili vya Dunia vilikaribia kuliua soko hilo. Mafuta na vyuma viligawiwa kwa kipimo, na raia alitakiwa kuthibitisha kwamba anahitaji gari kwa kazi isiyoepukika kabla ya kuuziwa. Hata hivyo serikali hiyo hiyo iliyombana ilimhitaji. Jeshi liliagiza magari ya kubebea askari kwenye theluji, kisha yenye silaha, na hadi vita vinamalizika zaidi ya magari elfu moja yalikuwa yametengenezwa kwa miundo yake. Tarehe 10 Julai 1942 alikuwa ameisajili kampuni kwa jina la L’Auto-Neige Bombardier, yaani magari ya theluji ya Bombardier. Jina hilo lilieleza biashara yote, na ndilo lililokuwa karibu kuifunga.

Mwaka ambao theluji ilianza kuzolewa

Wakati Bombardier akifikiria namna ya kupita juu ya theluji, mtu mwingine wa Quebec alikuwa amefikiria kinyume chake. Arthur Sicard, mzaliwa wa viunga vya Montréal, alitengeneza mwaka 1925 mashine iliyoimeza theluji kwa mbele na kuirusha pembeni, na mwaka 1927 akaiuza ya kwanza kwa mji wa Outremont. Mashine ya Sicard na malori yenye mabamba yalihitaji vitu ambavyo Bombardier aliviepuka kwa gharama yoyote. Chombo cha kusukuma theluji sharti kiwe kizito. Kikiwa chepesi, bamba likigusa rundo magurudumu yanazunguka bure, chombo kimesimama. Chombo cha kupita juu sharti kiwe chepesi, au angalau uzito wake utandazwe hadi uwe kama haupo. Hakuna fundi aliyewahi kuziunganisha sifa hizo mbili kikamilifu katika chombo kimoja.

Mwaka 1948 serikali ya Quebec iliamua upande. Sheria ilipitishwa kwamba barabara kuu na zile za vijijini zizolewe theluji wakati wa baridi. Magari hayakuwa na sababu tena ya kupandishwa juu ya magogo. Daktari aliweza kutumia gari lake la kawaida mwaka mzima, na basi la kawaida likabeba watoto wa shule. Ndani ya mwaka mmoja mauzo ya kampuni ya Valcourt yalishuka kwa karibu nusu.

Ni vigumu kuusoma mwaka huo bila kutazama nyuma. Barabara iliyozolewa theluji ndiyo hasa ambayo ingemfikisha Yvon hospitalini. Kwa mzazi, uamuzi wa serikali ulikuwa jibu la sala iliyochelewa miaka 14. Kwa mwenye kiwanda, ulikuwa notisi ya kufunga milango. Bombardier alikuwa wote wawili. Hakugeuka kuwa mpinzani wa malori ya theluji. Alitafuta mahali ambapo lori haliwezi kufika.

Mahali hapo palikuwa shambani na msituni. Sheria ilihusu barabara. Haikugusa njia ya kutoka ghalani hadi kwenye miti ya kukata kuni, wala kinamasi cha kaskazini, wala mteremko wa mlima. Jibu lake la kwanza, mwaka 1949, lilikuwa la kiasi: seti ya mikanda ambayo mkulima aliifunga kwenye magurudumu ya trekta alilonalo ili liweze kutembea kwenye matope na theluji. Mkulima hakulazimika kununua mashine mpya. Wazo hilo la kuongeza mikanda juu ya chombo kilichopo bado linaishi, na madukani leo zinauzwa seti za mikanda ya mpira za kufungwa kwenye pikipiki za magurudumu manne pale theluji inapozidi.

Jibu la pili lilikuwa kubwa zaidi. Mwaka 1953 kiwanda kilitoa trekta lililoitwa Muskeg, neno la wenyeji wa asili wa Kanada lenye maana ya kinamasi. Lilikuwa na mikanda miwili mipana ya urefu wa chombo chote, dereva mbele, na nyuma uwanja mtupu. Huo uwanja mtupu ndio uliokuwa werevu wake. Mwenye kukata magogo aliweka winchi. Mtafuta mafuta aliweka mtambo wa kutoboa ardhi. Wajenzi wa nyaya za umeme walipakia nguzo. Na aliyetaka kuondoa theluji alifunga bamba mbele. Uzito wake ulitandazwa kiasi kwamba liliibana ardhi kwa nguvu ndogo kuliko unyayo wa mtu, na liliweza kutembea mahali ambapo mtu mwenyewe angezama. Hapo ndipo Bombardier alipokaribia zaidi kuunganisha zile sifa mbili zinazokataana, ingawa hata Muskeg halikuweza kushindana na lori zito kwenye barabara yenyewe.

Sifa zake zilivuka bahari. Vivian Fuchs, Mwingereza aliyeongoza msafara wa kwanza wa kulivuka bara la Antaktika kwa nchi kavu mwaka 1957 na 1958, alichukua trekta moja la Muskeg miongoni mwa magari yake. Halikufika mwisho wa safari. Liliachwa njiani lilipokwisha kazi yake, kama ilivyokuwa kwa magari mengine ya msafara huo. Hata hivyo mtu haendi Antaktika na chombo asichokiamini.

Anayechagua leo chombo cha kazi za kiwanja huko Maine au Vermont anakuta maswali yale yale ya 1949. Pikipiki ya magurudumu manne au kigari cha viti viwili chenye sanduku nyuma hubeba kuni, huvuta matawi na husukuma theluji ya kimo cha kifundo cha mguu bila taabu. Theluji ikiwa nzito na yenye maji, wepesi wake unakuwa kasoro: kigari kinateleza, na wenyewe hukifunga minyororo kwenye matairi na kupakia mifuko ya mchanga ili kipate uzito. Tena rundo la pembeni huganda na kuwa ukuta ambao kufikia Februari hakiwezi kuusogeza, hivyo mwenye busara huisukuma theluji ya Desemba mbali kuliko inavyoonekana lazima. Pikapu yenye bamba ina uzito huo, lakini haipiti msituni, na bamba linachosha chasisi na gia za gari ambalo mwenyewe analitegemea kwenda kazini. Trekta dogo hufanya vyote viwili polepole na hudumu miaka mingi. Kinachoamua ni urefu wa njia, mwinuko wake, na kazi zitakazobaki theluji ikiyeyuka, kwa maana miezi isiyo na theluji ni mingi kuliko yenye theluji hata huko. Bombardier alilijua hilo kwa hasara, ndiyo maana mashine zake zote za baada ya 1948 zilikuwa na kazi ya kiangazi.

Isipokuwa moja.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 injini ndogo na nyepesi zilianza kupatikana, na mwanawe Germain alikuwa amefanikiwa kutengeneza mkanda wa mpira wa kipande kimoja usio na kiungo. Bombardier, sasa mtu mwenye umri wa miaka hamsini na ushei, alirudi kwenye chombo alichokiota akiwa kijana. Kilikuwa na mkanda mmoja mpana, ski mbili mbele na kiti cha watu wawili. Mwezi Aprili 1959 alikipeleka mwenyewe hadi Lansdowne House, kaskazini mwa Ontario, kwa mmisionari aliyekuwa akizungukia waumini wake kwa sleji ya mbwa, padri Maurice Ouimet. Kilijaribiwa huko mbele ya watu waliojua theluji kuliko mhandisi yeyote, kikafaulu. Chombo hicho kiliitwa Ski-Doo.

Alikusudia kiwe cha mmisionari, mwindaji, mtegaji wa wanyama na mpima ardhi. Katika mwaka wa kwanza viliuzwa 225. Miaka minne baadaye, 8,210. Idadi kama hiyo haikutokana na wamisionari. Watu wa mijini walikuwa wamegundua kwamba chombo hicho kinafurahisha, na wakakinunua kwa ajili ya kukimbizana mashambani siku za mapumziko. Kwa Wainuit, Wakri na wafugaji wa paa wa Skandinavia lilikuwa jambo zito zaidi, maana safari ya siku kadhaa kwa mbwa ilimalizika kwa saa, na maisha ya zamani yakabadilika pamoja nayo, si yote kwa heri. Mbwa wanakula samaki. Mashine inakula petroli inayonunuliwa kwa fedha taslimu.

Mfanyabiashara mwingine angeiweka mali yote katika Ski-Doo. Bombardier alifanya kinyume: alipunguza matangazo yake na kupeleka fedha kwenye matrekta ya kazi. Wengi walimwona mwoga. Lakini alikuwa amewahi kuona soko zima likitoweka kwa sheria moja, na hakutaka kampuni yake itegemee tena bidhaa moja inayotegemea theluji. Miaka kumi baada ya kufa kwake, uhaba wa mafuta wa 1973 ulipoangusha biashara ya vyombo vya theluji kote Amerika Kaskazini, kampuni iliokolewa na mkataba wa kutengeneza mabehewa ya treni za chini ya ardhi za Montréal. Hiyo ndiyo njia iliyoifikisha kwenye ndege.

Yeye hakuyaona hayo. Saratani ilimwondoa tarehe 18 Februari 1964, katikati ya majira ya baridi, akiwa na miaka 56. Alifia Sherbrooke, mji ule ule wa seminari yake na wa hospitali ambayo mwanawe hakuifikia. Germain alichukua uongozi kwa muda mfupi, kisha mkwe wa familia, Laurent Beaudoin, akaingia mwaka 1966 na kuiongoza kampuni kwa miongo kadhaa. Matrekta madogo ya mikanda yenye jina la Bombardier yalikuja kuwa kitu cha kawaida katika miji mingi ya Kanada na kaskazini mwa Marekani, yakizoa theluji kwenye njia za waendao kwa miguu. Kwa hiyo kampuni iliyonusurika kufa kwa ajili ya theluji iliyozolewa iliishia kulipwa kwa kuizoa. Mwaka 2003 tawi la vyombo vya theluji liliuzwa na kuwa kampuni ya kujitegemea, BRP, yenye makao yake hapo hapo Valcourt, na miongoni mwa bidhaa zake ni vigari vya kazi vya Can-Am ambavyo wateja wengi hununua pamoja na bamba.

Gereji ya mwaka 1926 imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la kijiji hicho. Baadhi ya magari ya B12, hata hivyo, hayajaingia makumbusho yoyote. Kwenye Ziwa Winnipeg, jimboni Manitoba, wavuvi wa biashara bado huyatumia kufikia nyavu zao chini ya barafu, wakiyatia injini mpya zile za zamani zinapochoka, kwa sababu juu ya ziwa hakuna barabara ya kuzoa.